Namba Hii ni ya Nini?
Somo kutoka kwenye rodeo na hoteli za Texas

Katika somo letu la leo tutasafiri mbali kidogo. Tutakwenda Texas, jimbo kubwa lililo kusini mwa Marekani. Huko tutatazama mchezo wa ng'ombe na farasi uitwao rodeo. Tutaingia pia katika hoteli zao za chakula cha haraka. Lakini usije ukadhani nakusimulia safari tu. Nataka tujifunze jambo moja la kusoma, nalo ni hili: kuijua namba peke yake hakutoshi. Lazima ujue ni namba ya nini.

Jambo hili nimelifundisha kwa miaka tisa. Nimesimama ubaoni nikawaambia akina mama na akina baba, "Someni kila kitu, hata maandishi madogo." Kumbe mwenyewe nilikuwa sijalielewa vizuri. Nimekuja kulielewa nikiwa na njaa, ugenini, watu wamepanga foleni nyuma yangu.

1. USIKU WA KWANZA

Nilikwenda katika mji wa Houston kwa mafunzo ya miezi mitatu. Nilifika jioni moja ya mwezi wa Februari. Nilipewa chumba katika jengo la ghorofa lenye wapangaji wengi. Chumbani hamkuwa na chakula. Ng'ambo ya barabara niliona hoteli yenye taa nyingi. Nikajisemea, haya, twende.

Hoteli za namna ile si kama za mama ntilie wetu. Kwa mama ntilie unakaa, unaletewa wali na maharage, unakula, ndipo unalipa. Kule unalipa kwanza. Unasimama kwenye foleni mbele ya kaunta. Juu ukutani kuna ubao wenye picha za vyakula na namba. Unataja unachotaka, unalipa, halafu unasubiri dakika chache.

Chakula chao kikubwa ni hambaga. Hambaga ni mkate wa duara uliokatwa katikati. Ndani yake huwekwa nyama ya ng'ombe iliyosagwa, ikafanywa bapa, ikakaangwa. Huongezwa nyanya, kitunguu na majani ya saladi.

Basi, nikatazama ubao. Chini ya picha ya hambaga niliona namba 590. Nikasema moyoni, hapa wameacha kuweka nukta, ni dola 5 na senti 90. Karibu na namba hiyo palikuwa na herufi tatu ndogo: c, a na l. Sikuzijali. Upande wa pili wa picha palikuwa na namba 8. Hiyo nikadhani ni bei ya hambaga pamoja na chipsi na soda. Nikashika dola 6 mkononi.

Kijana wa kaunta akataja bei: dola 8 na senti 66. Nikamwonyesha ubao. Akarudia pole pole, kama anavyosemeshwa mtoto. Nikauonyesha ubao tena kwa kidole. Watu nyuma yangu wakaanza kukohoa. Kiingereza nakijua, nilikisoma chuoni, lakini usiku ule kilinikimbia chote. Kichwani lilibaki wazo moja tu: kijana huyu ananipunja kwa kuwa mimi ni mgeni.

Nikarudisha hela mfukoni, nikatoka. Nililala na njaa, na hasira juu yake.

2. MAMA WA GHOROFA YA CHINI

Asubuhi nilisikia sauti chini ya dirisha: "Wewe, vaa viatu, basi la shule litakuacha!" Kiswahili! Nilishuka ngazi mbili mbili.

Alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Fizi, mashariki ya Kongo. Houston wanaishi wakimbizi wengi waliotoka Kongo, na wengi wao husema Kiswahili. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," maana alikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, akazizoea desturi zetu. Nilipomwambia kazi yangu, tangu hapo akawa ananiita mwalimu.

Nikamweleza jinsi nilivyotaka kupunjwa. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Mwalimu," akasema, "ile 590 si hela. Ile ni kalori."

Ndugu msomaji, kalori ni kipimo. Maziwa tunayapima kwa lita. Mahindi tunayapima kwa kilo. Nguvu ambayo chakula kinaupa mwili hupimwa kwa kalori. Tangu mwezi wa Mei 2018 sheria ya Marekani inazitaka hoteli zenye matawi 20 au zaidi ya jina moja ziandike kalori za kila chakula kwenye ubao. Zile herufi tatu nilizozidharau ni kifupi cha neno kalori. Sababu ya sheria hiyo ni kumsaidia mlaji ajue anakula kiasi gani. Ubao huohuo hueleza kuwa, kwa mashauri ya jumla, huhesabiwa kalori 2,000 kwa siku, ingawa mahitaji ya watu hayalingani. Robo ya 2,000 ni 500. Kwa hiyo hambaga ya kalori 590 inapita robo ya chakula cha siku nzima. Ukiongeza chipsi na soda kubwa, mlo mmoja unaweza kupita nusu.

"Sawa mama," nikasema. "Na zile senti 66 alizoongeza?"

"Hiyo ni kodi. Houston wanatoza asilimia 8 na robo. Bei ya ubaoni haina kodi ndani yake. Wanaiongeza unapolipa."

Tukapiga hesabu pamoja. Asilimia maana yake ni sehemu katika mia. Asilimia 8 na robo ni senti 8 na robo katika kila dola moja. Hambaga ni dola 8. Senti 8 na robo mara 8 ni senti 66. Jumla ni dola 8 na senti 66. Sawasawa na alivyosema yule kijana.

Kwetu tumezoea kwamba bei iliyoandikwa dukani ndiyo unayolipa. Kule sivyo. Kijana wa watu hakunipunja hata senti moja. Nilimdhania mwizi kwa sababu sikusoma herufi tatu, na sikuuliza. Kwa nini sikuuliza? Niliona aibu. Mwalimu mzima niulize bei ya mkate!

Mama akaniambia, "Mimi aibu hiyo niliiacha kambini. Nilianza kusoma nikiwa na wajukuu. Darasani niliuliza mpaka mwalimu akachoka. Namba yoyote, mwalimu, iulize mambo matatu. Wewe ni namba ya nini? Unapimwa kwa kipimo gani? Umekamilika, au kuna cha kuongeza?"

Niliyaandika maneno hayo. Ndiyo ninayowaletea leo.

3. DAFTARI LA MAMA

Usidhani mama huyu alijifunza hayo bila kuumia. Alinisimulia siku nyingine, tukiwa tunachambua maharage.

Alifika Houston na mjukuu mmoja. Binti yake alibaki kambini na watoto wengine, akingoja karatasi za safari. Mama akapata kazi ya kusafisha ofisi usiku. Alfajiri alitoka amechoka, na jiko la umeme lilikuwa linamtisha. Kwa hiyo kila alipotoka kazini alinunua chakula hotelini.

"Bei nilikuwa naisoma," akasema. "Sikuwa najumlisha."

Kwa mwezi alifanya kazi siku 20. Chukua mlo wa dola 8 na senti 66, zidisha kwa 20. Unapata dola 173 na senti 20. Sasa angalia upande wa mapato. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na sheria ya taifa la Marekani tangu 2009 ni dola 7 na senti 25 kwa saa, na Texas wanafuata hichohicho. Mtu wa kima hicho akinunua mlo wa dola 8 na senti 66, amekula kazi ya zaidi ya saa nzima kwa dakika kumi za kutafuna.

Mwisho wa mwezi ule ukaja ujumbe kutoka kambini: mtoto anaumwa, tuma pesa za matibabu. Mama akatafuta pesa, akakuta hazipo. Alipeleka kidogo, tena kwa kuchelewa. "Mtoto alipona," akasema, "lakini alipona kwa mkopo wa majirani. Mimi niliye Marekani nilikuwa nimekula mikate."

Akanyamaza kidogo, akaendelea kuchambua.

Siku iliyofuata alinunua daftari. Nililiona. Kila ukurasa una safu tano: Tarehe, Kitu, Bei, Kodi, Jumla. Kwa kuandika hivyo aligundua jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Chakula kilichopikwa hotelini kina kodi. Lakini unga, mchele, maharage na mboga za dukani, safu ya kodi ilikuwa tupu. Ni kweli. Sheria ya Texas haitozi kodi ya mauzo kwa vyakula vingi ambavyo mtu ananunua akapike mwenyewe. Basi mama akalizoea jiko la umeme. Hotelini akaamua kwenda mara moja kwa mwezi, yeye na mjukuu wake, kwa furaha, wala si kwa uchovu.

"Jumamosi hii ndiyo siku yetu," akaniambia. "Tumepata na tiketi za rodeo. Moja ni ya jirani, naye amepata kazi ya ghafla. Twende."

4. RODEO NI NINI?

Rodeo ni mashindano ya kazi za wachunga ng'ombe. Jina lenyewe ni la Kihispania, linatokana na neno lenye maana ya kuzunguka au kuzingira. Zamani wachungaji wa Mexico walikuwa wakiwazingira ng'ombe waliotawanyika porini, wakawakusanya ili wawahesabu na kuwapiga chapa. Texas ilikuwa sehemu ya Mexico mpaka 1836, na ilijiunga na Marekani mwaka 1845. Wachungaji wa Texas, yaani makauboi, walijifunza kwa watu wa Mexico kazi nyingi, hasa kurusha kamba yenye kitanzi wakiwa juu ya farasi.

Kuanzia 1861 hadi 1865 Wamarekani walipigana vita vya wao kwa wao. Baada ya vita Texas ilikuwa na ng'ombe wengi na wanunuzi wachache. Vitabu vya historia hutaja kuwa ng'ombe wa dola 4 pale Texas aliweza kuuzwa kwa dola 40 huko kaskazini. Shida ilikuwa njia, maana reli ilikuwa mbali. Basi kuanzia 1867 makauboi wakawa wanaswaga makundi makubwa kwa miguu mpaka Abilene, katika jimbo la Kansas, ambako reli ilifika. Walikwenda mwendo mfupi tu kwa siku, ili ng'ombe wale majani njiani na wasikonde. Mfugaji yeyote wa kwetu aliyewahi kuswaga ng'ombe kwenda mnadani anaielewa hekima hiyo.

Baadaye reli zikasogea karibu. Mwaka 1874 Joseph Glidden alipata hati ya kumiliki ubunifu wake wa seng'enge, na mashamba yakaanza kuzungushiwa uzio. Safari zile ndefu zikaisha. Lakini makauboi hawakuacha kushindana nani hodari wa kamba, nani hodari wa kupanda farasi mkali. Mji wa Pecos huko Texas unadai kuwa ulifanya mashindano ya namna hiyo tangu 1883.

Katika picha za sinema kauboi karibu siku zote ni Mzungu. Nilishangaa kuona wapanda farasi weusi wakiingia uwanjani. Kumbe si jambo jipya. Watu weusi wengi walichunga ng'ombe wa Texas wakiwa watumwa, hata kabla ya tangazo la uhuru wao kusomwa huko Texas tarehe 19 Juni 1865. Baada ya hapo wengi waliendelea na kazi hiyohiyo kwa mshahara. Wanahistoria wanakadiria kuwa katika makauboi wanne wa zama zile, mmoja alikuwa mtu mweusi.

Mmoja wa mashuhuri ni Bill Pickett, aliyezaliwa Texas mwaka 1870. Yeye ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mchezo wa kumwangusha ng'ombe kwa mikono. Alimfukuza ng'ombe akiwa juu ya farasi, akamrukia, akamshika pembe, kisha akamng'ata mdomo mpaka akaanguka. Siku hizi hakuna anayeng'ata, lakini mchezo wa kushika pembe na kuangusha bado upo. Pickett alifariki mwaka 1932.

Rodeo ya Houston hufanywa kila mwaka, zaidi mwezi wa Machi, kwa siku kama 20. Ilianza mwaka 1932 kama maonyesho ya mifugo, na mashindano ya rodeo yakaongezwa mwaka 1938. Fikiria Nane Nane yetu, mabanda ya ng'ombe, mbuzi na kuku, halafu uongeze uwanja wenye viti kama 70,000.

5. HESABU MPAKA NANE

Tulipokaa, mjukuu wa mama akaniambia, "Mwalimu, ukiona fahali anatoka, hesabu mpaka nane."

Mpanda fahali anatakiwa akae mgongoni kwa sekunde 8. Anashika kamba kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ukimgusa fahali au ukijigusa mwilini, hapati kitu. Akianguka kabla ya sekunde 8, hapati kitu. Sekunde 8 ni muda gani? Hebu hesabu pole pole sasa hivi: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane. Ni muda wa kufunga kamba za viatu. Lakini juu ya fahali wa kilo 700 anayeruka na kuzunguka, ni muda mrefu sana.

Lango likafunguliwa. Mtoto akahesabu kwa Kiswahili kwa sauti kubwa. Alipofika tano, kijana wa watu akawa chini kwenye vumbi. Mara watu wawili wakakimbia mbele ya fahali, wakamvuta upande wao ili amwache aliyeanguka. Hiyo ndiyo kazi yao.

Ni mchezo wa hatari ya kweli. Mwaka 1989, katika rodeo ya Cheyenne, jimbo la Wyoming, mpanda fahali mashuhuri Lane Frost alifariki. Alikuwa amekwisha kutimiza sekunde 8 na kushuka, ndipo fahali akampiga. Baada ya kifo hicho mwenzake, Cody Lambert, alitengeneza kizibao kigumu cha kukinga kifua. Leo utawaona wapanda fahali wamekivaa.

Aliyetimiza sekunde 8 hupewa alama. Na hapa pana namba nyingine ya kuuliza. Waamuzi ni wawili. Kila mwamuzi humpa mpandaji alama zisizozidi 25, na humpa mnyama pia alama zisizozidi 25. Zote zikijumlishwa haziwezi kupita 100. Mmoja alipata hivi: mpandaji 20 na 21, fahali 22 na 21. Jumla 84. Kwa hiyo ukisikia "84," usidhani ni za mtu peke yake. Zaidi ya nusu zilikuwa za fahali! Fahali mpole humpunguzia mpandaji alama.

Wanawake wanashindana sana katika mbio za mapipa. Mpandaji anazungusha farasi kwenye mapipa matatu, akarudi mbio. Hapa anayetafutwa ni mwenye namba ndogo, kwa kuwa ni namba ya muda. Akiangusha pipa moja anaongezewa sekunde 5. Unaona? Kwa fahali namba kubwa inashinda. Kwa mapipa namba ndogo inashinda.

Nikuambie pia lililonitia mashaka. Farasi na fahali wa kurushana hufungwa mkanda kiunoni ili warushe miguu zaidi. Ndama naye hukimbizwa, akatiwa kitanzi shingoni, akaangushwa na kufungwa miguu mitatu. Mjukuu wa mama aliuliza, "Bibi, haumii?" Bibi hakujibu haraka. Huko Marekani kwenyewe watu wanabishana. Wengine wanasema ni ukatili na wanataka baadhi ya michezo iachwe. Wenye rodeo wanasema kazi ya kumkamata ndama ili atibiwe ipo mpaka leo mashambani, na kanuni zao zinataka daktari wa mifugo awepo. Msomaji, nawe una macho na akili. Jadili na wenzako.

6. MAKSAI WA DOLA MILIONI MOJA

Kabla ya kutoka tulipita mabandani. Vijana wa shule walikuwa wanawachana ng'ombe wao manyoya kama wanavyosuka nywele. Kila kijana amemlisha, amemwogesha na kumfundisha mnyama wake kutembea kwa kamba. Wanyama waliopata tuzo hupigwa mnada. Mwaka 2022 maksai aliyepata tuzo kubwa aliuzwa kwa dola 1,000,000.

Nilimwuliza mama, "Maksai gani huyo? Nyama yake ni dhahabu?"

Mama akanitazama tu. Nikakumbuka. Namba hii ni ya nini?

Si bei ya nyama. Wanunuzi katika mnada ule ni matajiri na makampuni wanaotaka kusaidia vijana. Sehemu ya fedha humfikia kijana aliyefuga, na nyingine huingia katika mfuko wa elimu unaowalipia wanafunzi masomo. Kwa hiyo milioni ile ni mchango uliovaa ngozi ya maksai. Mfugaji akisikia namba hiyo redioni, asikimbilie kusema ng'ombe wa Ulaya na Marekani wana bei ya ajabu. Aulize kwanza.

7. NAMBA YA MEZANI

Jioni tukaenda kula. Mama huchagua Whataburger, hoteli ambayo watu wa Texas wanaiona kama yao. Ilianza mwaka 1950 katika mji wa Corpus Christi, kando ya bahari. Waanzilishi walikuwa Harmon Dobson na Paul Burton. Walitaka hambaga kubwa ya kushikwa kwa mikono miwili, na waliiuza kwa senti 25. Tangu 1961 ikajulikana kwa majengo yenye paa refu lenye mistari ya rangi ya machungwa na nyeupe. Sasa ina hoteli zaidi ya 1,000, na nyingi ziko wazi usiku na mchana.

Safari hii nilitangulia mwenyewe kwenye kaunta. Nikasoma ubao wote, pamoja na herufi ndogo. Nikatenga bei na kalori. Nikapiga kodi kichwani. Palipokuwa na neno nisilolijua nikauliza: hiki ni nini? Binti wa kaunta akanieleza kuwa ni pilipili ya Mexico iliyokatwakatwa. Akauliza kama naitaka. Nikasema kidogo. Hakuna aliyekohoa nyuma yangu. Pengine hata usiku ule wa kwanza walikuwa na mafua tu.

Nilipolipa nilipewa kibao kidogo cha plastiki chenye namba 42. Nikakigeuzageuza. Si bei, maana nimeshalipa. Si kalori, maana hakina zile herufi tatu. Nikamwuliza binti. Akasema, kiweke mezani kwako, anayeleta chakula atakutafuta kwa namba hiyo.

Tukakaa. Mama akatoa daftari lake mkobani, akaandika tarehe, kitu, bei, kodi, jumla. Kisha akalipeleka kwa mjukuu ajumlishe mwezi mzima. Mtoto akajumlisha mara mbili, akampa. Mama akatoa kwanza fungu la binti yake, akalizungushia duara. Lilikuwa limetimia.

Ndipo chakula kikaja. Tukala.

MANENO YA KUJIFUNZA

Asilimia: sehemu katika mia.
Kalori: kipimo cha nguvu ambayo chakula kinaupa mwili.
Kauboi: mchunga ng'ombe wa Marekani anayetumia farasi.
Kodi ya mauzo: fedha za serikali zinazoongezwa mtu anaponunua kitu.
Maksai: ng'ombe dume aliyehasiwa.
Seng'enge: waya wenye miiba wa kuzungushia uzio.

HESABU

1. Umekula chakula cha dola 12 huko Houston. Kodi ni asilimia 8 na robo. Utalipa jumla kiasi gani?
2. Waamuzi wamempa mpanda fahali alama 19 na 20. Fahali amepewa 22 na 21. Jumla ni alama ngapi?
3. Katika mbio za mapipa, mpandaji wa kwanza ametumia sekunde 15 lakini ameangusha pipa moja. Wa pili ametumia sekunde 17, hakuangusha pipa. Nani ameshinda?

Majibu: (1) Dola 12 na senti 99. (2) Alama 82. (3) Wa pili, kwa sababu wa kwanza amefikisha sekunde 20.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mwandishi alimdhania kijana wa kaunta kuwa anampunja. Je, umewahi kumdhania mtu hivyo kwa sababu ya namba usiyoielewa? Ilikuwaje?
2. Chukueni mfuko wa mbolea, chupa ya dawa na stakabadhi ya kuuzia mazao. Andikeni namba zote mnazoziona. Ipi ni uzito? Ipi ni bei? Ipi ni tarehe ya mwisho wa kutumia dawa?
3. Chora daftari la safu tano kama la mama. Andika matumizi ya nyumbani kwako kwa wiki moja. Ni kitu gani kimekula fedha nyingi kuliko ulivyofikiri?
4. Kwa nini mtu mzima huona aibu kuuliza? Kikundi chenu kinaweza kufanya nini ili mwanachama mpya asione aibu hiyo?